Salamu niliyoimeza sokoni Wete

Mwaka 2014 nilikuwa mshauri nasaha mgeni kazini, Wete, kisiwani Pemba, miezi minne tu tangu nivuke kutoka Unguja na cheti changu. Kabrasha la maadili nilikuwa nimelisoma mpaka limechakaa: usimshauri jamaa yako, zawadi uwe nazo mbali, siri ya mteja isivuke mlango. Mipaka ya siri haikunipa tabu. Kila mteja nilimwambia siku ya kwanza kwamba nikisikia mtoto anadhuriwa sitanyamaza, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 ilikuwa pale pale mezani. Kilichonitia aibu ni kijisentensi cha chini kabisa: ukikutana na mteja njiani usimwanze kumsalimia, msubiri akuanze yeye, asije akaulizwa mmejuana wapi.

Asubuhi moja ya msimu wa karafuu, mji wote unanukia majamvi yaliyoanikwa, nikashuka sokoni kutafuta vibua. Kwenye meza hiyo hiyo ya samaki kasimama mama mmoja, mteja wangu, makamo ya mama yangu mzazi. Shida yake sitaitaja hata leo. Alikuwa amemshika changu, anamfunua mashavu atazame wekundu wake. Akainua macho, yakakutana na yangu. Nikainama, nikaanza kuhesabu noti ambazo nilishazihesabu.

Akasubiri. Hilo ndilo lisilonitoka. Alisubiri kwa sababu mdogo ndiye anayeanza shikamoo, nami nikamsubiri yeye kwa sababu kabrasha limesema.

Muuza samaki, kisu mkononi, akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi vipi, mmegombana?"

Nikacheka cheko la kipumbavu. Yule mama akamrudisha changu mezani, akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka mikono mitupu.

Wiki ile hakuja. Ya pili yake akaja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikamweleza yote, kabrasha na sababu zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika, na hapo ndipo niliposhikwa na haya zaidi.

"Siri yako ndiyo iliyonianika," akasema. "Ungelinishika moo ukapita zako, nani angeuliza? Sasa majirani watatu washanijia, wataka kujua nina nini na yule mtoto wa ofisini."

Aliyeandika ule mwongozo nadhani alikuwa na mji wake kichwani, mji ambao watu mia wanapitana kimya na hakuna anayegeuka. Sikumlaumu sana. Aliyekwenda sokoni Wete ni mimi, na mimi ndiye niliyelelewa kusalimia hata nisiyemjua.

Nikamwomba radhi. Kisha nikamuuliza nilichotakiwa kumuuliza siku ya kwanza: tukikutana nje, anataka tuweje?

"Nisalimie kama unavyowasalimia wengine. Uliza watoto, uliza mvua. Usiniulize tu 'unaendeleaje', kwa sauti hiyo ya humu ndani."

Nikaliandika swali hilo kwa kalamu juu ya fomu ya mteja mpya, na kila aliyeingia nikamuuliza. Wengi walijibu kama yeye. Kijana mmoja akasema tusijuane kabisa. Miezi miwili baadaye nikamwona bandarini, yuko na wenzake. Nikatoa noti zangu, nikazihesabu.