Swali analoweza kulijibu muuguzi mpya

Tangu shule ya msingi tunaambiwa kuuliza si ujinga. Huambiwa mwanafunzi, mgeni aliyepotea njia, kijana anayeanza kazi. Sijawahi kusikia methali hiyo ikielekezwa kwa mkubwa wa kazi. Yeye tunamtarajia ajue na atoe maelekezo, na akiuliza, basi aulize kama mkaguzi. Nimeliwaza sana jambo hili wiki hii kwa sababu tumepokea wauguzi wapya katika wodi yetu ya wazazi, na zamu ninaiongoza mimi.

Ukitaka kujua zamu inaongozwaje, sikiliza makabidhiano. "Kila kitu kiko sawa?" "Kiko sawa, Sista." "Mmeelewa?" "Tumeelewa." Jibu limeshawekwa ndani ya swali, kilichobaki ni kuitikia, kama tulivyoitikia salamu ya mwalimu darasani. Aliyeanza kazi juzi atapata wapi ujasiri wa kusema hapana mbele ya wote, na wenzake wameshabeba mikoba wanataka kwenda nyumbani?

Kwa hiyo najitahidi kuuliza maswali yasiyoitikika. Oksitosini, dawa ya kumzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, imebaki kiasi gani, na friji inasoma nyuzi ngapi? Dawa hiyo hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na umeme ukikatika mchana, mtu wa usiku lazima ajue. Mtungi wa oksijeni nani aliukagua? Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: kati ya akina mama waliolazwa humu, ni yupi anakutia wasiwasi zaidi?

Hapo hata mgeni kabisa ana la kusema, kwa sababu haulizwi anajua nini, anaulizwa ameona nini. "Yule wa kitanda cha dirishani, Sista. Anasema kichwa kinamuuma, na mimi sioni kama ni uchovu tu." Mjamzito anayelalamika kichwa anapimwa presha saa hiyohiyo, maana kifafa cha mimba mara nyingi hubisha hodi kwa njia hiyo. Na maneno hayo ya binti yangeweza kabisa kubaki yamefunikwa na "kiko sawa".

Kuna ushahidi wa nguvu ya maswali ya namna hii kutoka chumba cha upasuaji, na sehemu yake ilikusanywa hapa kwetu Tanzania. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya upasuaji salama, mambo 19 kwenye ukurasa mmoja. Ilijaribiwa katika hospitali 8, kila moja katika mji wake: London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya bonde la Kilombero, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Wengi huichukulia orodha ile kuwa fomu ya kuweka tiki. Mimi naona ni maswali ambayo mkubwa wa chumba analazimika kusimama na kusikiliza majibu yake. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo anataja jina lake na kazi yake. Linaonekana jambo dogo la adabu, lakini mtu ambaye sauti yake imeshasikika humo ndani huona wepesi kuitoa tena. Daktari mpasuaji anaeleza ni hatua gani inaweza kuwa ngumu na damu kiasi gani inaweza kupotea. Mtaalamu wa dawa za usingizi anaeleza hofu yake kuhusu mgonjwa huyu. Muuguzi naye ana zamu yake: vifaa vimetakaswa? Kuna chochote chenye hitilafu? Mwishoni, mgonjwa hajatoka, vifaa na gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, vinahesabiwa. Muuguzi akisema gozi moja haionekani, bingwa anasubiri. Hajamkosea mkubwa heshima, kwa kuwa swali lilikuwa lake tangu mwanzo.

Pagumu zaidi ni pale ambapo jambo baya limeshatokea. Tukikaa kupitia kifo cha mama, swali la kwanza linalotaka kutoka mdomoni ni "nani alikuwa zamu?" Nalielewa, uchungu hutafuta mtu. Lakini likishatamkwa, kila aliyeko mezani anaanza kujilinda, na kuanzia hapo hupati tena habari, unapata utetezi. Utaratibu wa vikao hivi unataka tusitafute wa kulaumiwa. Tunaifuata safari ya mama mwenyewe: alichelewa kuamua kuja? Alichelewa njiani? Au alifika, akachelewa kuhudumiwa? Ucheleweshaji huo wa aina tatu ulielezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994, na bado sijaona mpangilio unaofungua midomo ya watu vizuri zaidi. Ukiuliza hivyo utasikia habari za mto uliojaa, za nauli iliyokuwa kwenye simu ya mume aliyesafiri, za ufunguo wa stoo uliokwenda nyumbani na mtu. Ufunguo unaweza kupangiwa mahali pengine kesho asubuhi.

Tena jibu lenyewe linataka msikilizaji. Hapa huikumbuka Tume ya Nyalali. Mwaka 1991, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walipewa kazi ya kuwauliza Watanzania: tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi? Takriban asilimia 80 walisema chama kimoja. Kwa kuhesabu tu, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini tume ilisikiliza na maelezo ya watu, na wengi kati ya waliokitaka chama kimoja walitaka kibadilike. Ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaoubishia uamuzi ule hadi leo, na ni haki yao. Ninachokiheshimu mimi ni kwamba waliouliza hawakuridhika na ndiyo na hapana.

Wodini nikimuuliza mtu nani anamtia wasiwasi, kisha nikaendelea kujaza jalada yeye akiongea, nimemzoesha kunyamaza. Nikimwangalia, nikamwachia muda wa kupanga maneno yake bila kuyamalizia mimi, yanatoka mengi. Na akishasema, aone jambo lake limeshughulikiwa, hata kama hofu haikuwa na msingi. Presha imepimwa, iko vizuri. Asante mdogo wangu, na ukiona kitu usiku niamshe, usiogope.

Kesho niko zamu ya usiku. Wapya nitawaomba waanze wao kueleza wagonjwa kabla ya wazoefu, maana mzoefu akishasema, mgeni hukubaliana naye.