Siku moja maishani mwangu: masikio yangu na mvuke wa dobi

Saa 11 na nusu alfajiri. Kabla ya yote naangalia kopo langu la kukaushia, maana mashine zangu za masikio, zile za kunisaidia kusikia, zinalala humo juu ya vishanga vya silika vinavyonyonya unyevu, vimlango vya betri wazi. Betri zenyewe nazilaza nje. Hizi betri za zinki zinafanya kazi kwa hewa, ukizifungia kwenye kopo la kukaushia zinakauka na zenyewe na zinaisha mapema, na hili watu wengi hawaambiwi. Vishanga vyangu vikiwa rangi ya chungwa viko sawa, leo naona vimeshaanza kuwa kijani, yaani vimeshanyonya unyevu.

Saa 12 naoga, nakausha nywele na nyuma ya masikio vizuri kabisa, ndo navaa.

Saa 1 niko kazini. Mie ni dobi, siku nzima nimesimama kwenye pasi ya mvuke, kwa hiyo nafunga bendi ya pamba kichwani, na ikilowa nabadilisha hapohapo. Jasho lina chumvi bwana, likiingia ndani linakula vile vibati vinavyogusa betri na huoni kitu mpaka siku mashine inakata.

Saa 4 hivi sikio la kushoto likaanza kukatikakatika, mara kimya, mwenzangu anaongea naona mdomo tu. Zamani ningetia betri mpya nikaishia kupoteza betri bure. Nikasogea dirishani nikauinua ule mrija mwembamba unaopeleka sauti sikioni kutoka kwenye mashine, nikautazama kwenye mwanga, na kweli, kitone kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini kimekaa kwenye kona kimeziba njia yote. Hewa ya sikioni ina joto na unyevu, ikipita kwenye mrija wenye baridi ule unyevu unageuka maji. Nikachomoa mrija kwenye mashine, nikapuliza na kale kampira ka kupulizia, kitone kikarukia kidoleni. Usipulize kwa mdomo jamani, pumzi nayo ni unyevu.

Saa 7 chakula, nusu saa tu.

Saa 9 mwenzetu mgeni akaniuliza si zimeandikwa IP68, ile alama ya kuzuia vumbi na maji, unaogopa nini? Nikamwambia ile 8 ni kuzamishwa kwenye maji kwa kina na muda aliopanga mtengenezaji, haimaanishi jasho na mvuke kila siku mwaka mzima. Mwaka juzi nilinyeshewa nikazikausha kwa draya ya nywele, plastiki ikapinda na ya kulia haikuamka tena, iliniuma sana. Zikilowa sasa natoa betri, nafuta kwa kitambaa kikavu, nazitia koponi zikae siku nzima au zaidi, nazivumilia. Jua kali hapana, microwave ndo kabisa usithubutu.

Saa 2 usiku, nyumbani. Zile plastiki za sikioni nazitenganisha na mashine, naziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, napuliza mrija, naziacha zikauke mpaka asubuhi. Mashine yenyewe haigusi maji, kitambaa kikavu tu. Vishanga navipasha moto mdogo kama pakiti inavyosema mpaka chungwa irudi, halafu nasubiri vipoe kabisa ndo nalaza mashine juu yake, vimlango wazi, nafunga kifuniko.

Saa 4 natega alamu ya kutetemeka, naiweka chini ya mto.