Kunafagiwa?

Kutoka Newala hadi makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, ni kuivuka nchi pembe kwa pembe. Siku za basi hadi Mwanza sina la kuzisimulia zaidi ya magoti kuuma. Meli ya usiku nilikata daraja la tatu, nikalala nimekaa. Asubuhi nikashuka Kemondo, kijana wa bodaboda akautazama mkoba wangu, akataja elfu ishirini. Nikamweleza ninakwenda kwa nani. Hakupunguza hata mia. Iliniuma sana, maana siku yenyewe ilikuwa 25 Julai.

Siku ya Mashujaa bibi yangu habanduki redioni. Husikiliza Rais akiweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, husikiliza na tarumbeta, naye hasemi neno mpaka viongozi wa dini wamalize dua. Mwanawe wa kwanza, baba yangu mkubwa, aliondoka nyumbani mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Hakurudi. Kwetu hakuna aliyewahi kuliona kaburi lake. Kila korosho zikipata bei, hutokea ada au ugonjwa, nauli inaliwa.

Sasa bibi macho yamefifia. Alinipa agizo moja tu: nikaangalie kama kunafagiwa.

Nilifika gwaride limekwisha. Makaburi ni zaidi ya 600, mstari nyuma ya mstari, nikasimama pale nisijue nianzie wapi. Mzee mmoja mwenye medali kifuani alikuwa amechuchumaa, anang'oa majani kwa vidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wako yupo wapi?"

Nikamtajia jina. Akainuka kwa kushikilia bega langu, hakuliachia tena. Tulitembea hivyo kitambo kirefu, tukisoma. Yeye aliingia Kampala kwa miguu, Aprili 1979. Rafiki yake alibaki njiani, ndiye aliyekuwa akimng'olea majani. Kila tulipopita jina analolijua alisimama, akasema, "Huyu alikuwa mcheshi," au, "Huyu alijua kupika," kisha tukaendelea.

Baba mkubwa tulimkuta karibu na mwisho wa mstari. Kwetu wafu hulala nyuma ya nyumba, mtu akitoka kuchota maji anawapita. Huyu amelala kati ya watu wa kila mkoa, umbali wa nchi nzima na mama yake. Nikainama. Udongo pembeni mwa kaburi ulikuwa na michirizi myembamba ya fagio la chelewa, bado mibichi, haijakanyagwa.

Nikampigia bibi.

"Kunafagiwa?"

"Kunafagiwa, bibi. Hata leo wamefagia."

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Jirani zake ni akina nani?"

Nikamsomea wa kulia, wa kushoto na wa mbele yake. Akayarudia majina yale moja moja, polepole, kama afanyavyo akiletewa wageni nyumbani.