Nilimpa hongera

Jumamosi asubuhi tulikuwa bustanini, mimi na binti yangu mdogo, tunapunguza miche ya lengalenga. Mbegu nilizimwaga mwezi uliopita nikiwa na haraka ya kuwahi zamu, zikaota zimebanana kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Binti amevaa kofia ya Sea Dogs, timu ya besiboli ya hapa kwetu Portland, jimbo la Maine, Marekani; kofia hiyo alirudi nayo siku shule ilipowapeleka uwanjani. Akaniuliza huku macho yake yakiwa kwenye udongo:

"Baba, mwalimu anasema Sea Dogs ni timu ya shamba ya Boston. Sasa shamba lenyewe liko wapi?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na mimi. Boston Red Sox hawamchukui kijana leo, kesho akasimama mbele ya Boston nzima. Wengine wanaanzia Jamhuri ya Dominika wakiwa bado watoto wa miaka 16 au 17, wengine Fort Myers kule Florida. Akionekana anakua anapelekwa Salem, Virginia. Kisha Greenville, South Carolina. Kisha anakuja hapa kwetu Portland, daraja la Double-A, na akitoka salama hapa anakwenda Worcester, na Worcester ndiyo mlango wa Boston. Kila timu kubwa ya besiboli Marekani ina ngazi yake ya namna hiyo. Jina la shamba nalo ni la zamani: katika miaka ya 1920 Branch Rickey alikuwa anaiongoza St. Louis Cardinals, timu isiyokuwa na fedha za kushindana na matajiri kununua wachezaji, akaamua kuwaotesha mwenyewe kwenye timu za miji midogo. Hata Jackie Robinson, mchezaji Mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya ishirini, alipita shambani. Mwaka 1946 alicheza Montreal, kwenye timu iliyokuwa ikiwalea wachezaji wa Brooklyn, ndipo mwaka uliofuata akapandishwa.

"Kwa hiyo wao ni miche," akasema, na kung'oa mmoja.

Nilikuwa na mche mkononi na mimi. Nikabaki nao hivyo hivyo, kwa sababu nilikumbuka usiku mmoja wa mwaka 2019 ambao sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani, hata Mama Watoto.

Mnaonisoma mnajua habari za Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na jinsi tulivyofika Maine, sitazirudia. Kiangazi kile nilikuwa na kazi mbili. Mchana kiwanda cha samaki, na siku za mechi nafagia uwanja wa Hadlock Field watu wakishaondoka. Uwanja unaingiza zaidi ya watu 7,000, na kila mmoja anakula kitu chenye maganda. Kushoto kuna ukuta wa kijani wenye urefu wa futi 37, umejengwa ufanane na ule wa Boston ili vijana wauzoee mapema. Sea Dogs wakipiga mpira ukavuka uzio, nyuma ya uwanja unainuka mnara wa taa kama ule wa pwani unaoongoza meli, watoto wanapiga kelele.

Na pale pale, limepakana na uwanja, kuna jengo la matofali linaloitwa Expo. Juni ile lilijaa watu wetu. Kongo, Angola, familia kwa familia, waliovuka msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, kwa miguu na watoto mgongoni, wakafika Texas, wakapanda basi mpaka huku kwenye baridi. Mpaka Agosti walikuwa wamefika zaidi ya 400. Walilala kwenye vitanda vya kukunja kwenye sakafu ya mpira wa kikapu. Wengi walikuwa watu wa Kilingala, Kifaransa na Kireno, lakini wa Kivu walikuwepo, na kwa hao nilikuwa naingia kabla ya kuanza kufagia ili niwasomee karatasi zao.

Mchana wa siku ninayoisema nilimsomea mama mmoja wa Uvira. Karatasi yake alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa plastiki wa sukari, ameikunja mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Alitaka kujua neno moja tu, lililoandikwa juu kwa herufi kubwa. Release. Nikamwambia, "Mama, hapa wanasema wamekuachilia. Si mfungwa tena." Alikuwa amekwisha kuachiliwa wiki kadhaa, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kwa lugha anayoisikia moyoni. Akaweka mikono kichwani. Kisha akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo kwa kuwa watoto wa watu walikuwa wamelala.

Neno hilo nikaondoka nalo. Kwangu mimi halikuwa na maana nyingine. Kambini mtu akikamatwa nje bila kibali, tulikaa tukisubiri habari moja tu, kwamba ameachiliwa. Ikifika, mtu anakimbia nyumba kwa nyumba.

Usiku mechi ikaisha. Timu ngeni jina lake naliacha. Nilianza kufagia upande wa beisi ya tatu, safu za juu nikishuka chini, kama kawaida. Taa kubwa walikuwa wamezima nusu. Nilipofika safu ya saba nikaona kijana ameketi peke yake, nguo za nyumbani, nywele bado zina maji ya kuoga, na pembeni yake begi refu la vifaa, mishikio ya magongo mawili imechomoza. Anatazama uwanja. Kule chini kijana anayetunza nyasi alikuwa anamwagia udongo kwa mpira wa maji, na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inapanda mpaka kwetu.

Sikutaka kumsumbua, lakini kazi ni kazi. Nilipomkaribia akainua miguu yote miwili, akaishika hewani magoti yakigusa kifua, ili fagio lipite. Watu wakubwa hawafanyi hivyo. Wanasogea au wanakasirika. Yeye aliinua miguu kama mtoto anayejua mama anapofagia. Maganda ya karanga yakatoka chini yake, na vikombe viwili vya karatasi.

Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha wakati ule kama basi lao limemwacha. Nilikuwa nimelisikia likiondoka. Akatikisa kichwa. Na cha kwake kilikuwa Kiingereza cha kuokota kama changu, yeye kwao ni Kihispania. Akatafuta neno, akalipata.

"Released," akasema.

Jamani. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, furaha ya yule mama wa Uvira ilikuwa bado imo ndani yangu. Nikaliegemeza fagio kwenye kiti, nikafuta mkono kwenye suruali, nikaunyosha kwa tabasamu lote nililonalo, nikamwambia kwa sauti: "Congratulations, my brother! Congratulations!"

Aliutazama mkono wangu. Nasema aliutazama, si kwamba alichelewa kuuona. Kisha akanitazama usoni, na nadhani akaona kwamba mtu huyu hana ubaya, kwa sababu uso wake ulilegea akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa na sugu pale vidole vinapoanzia, ngumu na za manjano, mstari mmoja ulionyooka. Nazijua sugu hizo. Mama yangu alikuwa nazo, za mpini wa jembe.

"Thank you," akasema taratibu.

Akainama, akaokota vile vikombe viwili, akatia kimoja ndani ya kingine, akavidondosha kwenye mfuko wangu wa taka. Akavaa begi begani. Akashuka ngazi, na mimi nikaendelea kufagia nikiimba.

Kesho yake nilimkuta mzee wa getini, aliyekuwa akichana tiketi pale tangu uwanja ulipofunguliwa 1994. Nikamsimulia kwamba kijana mmoja wa wageni ameachiliwa, lakini hakuonekana kuchangamka. Mzee akaniuliza, "Ulimjibu nini?" Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu kidogo, akichezea kamba ya kadi shingoni. Ndipo akanieleza kwamba kwenye besiboli neno hilo ni la kumtoa mtu. Meneja anamwita ofisini mechi ikiisha, mlango unafungwa, dakika tano. Wanampa tiketi ya kurudi kwao. Basi linaondoka na wenzake.

Alimjua hata ni nani. "Yule anayelinda beisi ya tatu," akasema, na akamtaja jina, sikulishika. Alisema hakuwa mbaya. Ila juu yake, daraja linalofuata, kulikuwa na mwingine wa beisi hiyo hiyo, na chini yake mwingine mdogo zaidi aliyesajiliwa kwa fedha nyingi. Alisema wengi wanaovaa jezi pale hawafiki juu hata siku moja. Kiangazi kile kile nilimwona Jarren Duran akikimbia kwenye udongo ule, na mwaka 2024 huyo Duran akawa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa ligi kuu. Mzee alipenda pia kunitajia Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyepita ligi yetu hii akiwa na Altoona, akangoja miaka kama tisa, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, na pigo lake la kwanza likafanikiwa. Hao ndio tunaowajua majina.

Kitu kingine alichonieleza kilinikosesha usingizi zaidi. Mwaka ule kima cha chini cha mchezaji wa Double-A kilikuwa dola 350 kwa wiki, na kwa wiki za msimu tu. Mimi mfagiaji nilikuwa napata dola 11 kwa saa, kima cha chini cha jimbo la Maine. Ningefanya saa 40 za kufagia ningempita yule kijana niliyekuwa nafagia chini ya miguu yake. Kwenye ligi kuu, mtu wa mwisho kabisa alikuwa akipata dola 555,000 kwa mwaka. Mambo yamebadilika kidogo tangu hapo: mwaka 2022 timu zilianza kuwapa vijana mahali pa kulala, na 2023 chama chao kikasaini mkataba wa kwanza, mshahara wa Double-A ukafika dola 30,250 kwa mwaka. Nilifurahi niliposikia. Lakini kabla ya msimu wa 2021 timu za mashamba zilikuwa zimepunguzwa kutoka 160 mpaka 120, na Lowell, iliyokuwa ya Boston na si mbali na hapa kwetu, ikakatwa. Nilijiuliza ni wafagiaji wangapi walikuwa pale.

Mama yangu alikuwa akilima kipande kidogo nyuma ya nyumba yetu kambini, eneo la mikeka miwili. Kila alipopunguza miche nilikaa naye. Nilikuwa mtoto wa huruma, nilikuwa naiokota aliyoing'oa naikagua mizizi. Siku moja nikamwuliza, "Mama, huu una kosa gani?" Akasema, "Hauna kosa. Umeota karibu na mwenzake."

Nilikuwa sijawahi kulikumbuka jibu hilo mpaka mzee wa getini aliponieleza habari za beisi ya tatu. Nikamkumbuka kaka yangu. Tuliingia usaili wa kuhamishiwa Marekani siku moja, nyumba moja, maswali yale yale. Kesi yake walikuwa wameitenganisha na yangu kwa sababu alikuwa ameoa. Jina langu likatoka ubaoni, lake halikutoka, na mpaka leo yuko Nyarugusu. Tumeyarudia majibu yetu kwa simu mara nyingi, mimi na yeye, tukitafuta aliposema vibaya. Hatujapaona. Kwake yeye angalau nilijua la kusema. Siku alipopata habari kwamba kesi imefungwa, nilimwambia pole kaka, naye akasema nimeshapoa, na tukakaa tu na simu masikioni mpaka salio likaisha.

Binti aliniona nimenyamaza, akataka kujua ninawaza nini. Nikamsimulia yote, karibu kama nilivyoandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho ameshika mche mmoja kwa ncha za vidole. Hakuuliza kijana alikwenda wapi, swali nililokuwa naliogopa. Aliuliza:

"Ungejua, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia pole."

"Kwa Kiingereza ni sorry."

"Hapana, mama. Sorry ni kama mimi ndiye niliyemkosea."

Akafikiri. Yeye Kiingereza ndicho cha kwanza kichwani mwake, nikawa natumaini atanipa neno nisilolijua.

"Basi ungemwambia pole tu," akasema. "Ungeishika miguu yake ikiwa juu, ukasema pole."

Akarudi kwenye tuta. Ilikuwa imebaki mistari miwili.