Nilivyodai bima baada ya kugongwa na gari, na ile karatasi nilokataa kuitia saini

Jamani mie muuza samaki tu, sheria sijasomea, ila wiki ilopita kuna kijana wa kwetu hapa Pemba kagongwa yuko kwenye pikipiki yake, na nyumbani kwao wameshapokea laki na nusu wakatia saini yaishe, na kijana mwenyewe bado yuko kitandani. Roho imeniuma sana, ndo maana naandika.

Mie nligongwa mfungo mosi, siku chache baada ya Idi, njia ya Chake kwenda Wete, niko kwenye pikipiki, nyuma nimefunga tenga la changu. Noah ikachomoza kutoka njia ya ndani haikusimama hata kidogo. Mguu wa kulia ukavunjika pawili chini ya goti. Nimelala kwenye lami nawaona changu wametapakaa mpaka kwenye majani na mtu ananambia usinyanyuke, usinyanyuke. Nkapelekwa hospitali, baadae nkahamishiwa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, nkatiwa vyuma.

Alonisaidia kuliko wote ni dada yangu mdogo. Mie napiga kelele za maumivu, yeye karudi pale pale barabarani na simu kabla gari haijasogezwa, kapiga picha ilivyokaa, alama za matairi, namba ya gari, halafu kaingiza ile namba kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, akaona bima iko hai, ni bima ndogo, kampuni gani na inaisha lini. Halafu kenda kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, daktari aijaze. Bila ya PF3 na taarifa ya polisi huna pa kuanzia, utabaki kuhadithia tu.

Sasa siku ya sita wakaja wazee wanne wa upande wa dereva. Watu wa heshima, mmoja kasoma na marehemu baba. Wakanipa pole, wakaweka laki mbili kwenye bahasha, yule mkubwa wao akanambia mwanangu hii ni kadari ya Mungu, tusameheane yaishe hapa hapa, mambo ya polisi na mahkama yatatugombanisha bure. Halafu ikatoka karatasi imeandikwa kwa mkono, "nimesamehe na sitodai chochote hapo baadae". Nilishaishika kalamu. Dada akasema kaka, msamehe kwa moyo lakini hiyo usiitie saini.

Nkawambia wazee wangu mie dereva nimeshamsamehe wallahi, na hizi laki mbili nazipokea kama pole yenu, ila kusaini hapana. Wakaondoka wamenuna, na mie usiku ule sikulala, nikijiona nimewavunjia heshima.

Kumbe walichokuwa wanakiogopa ni kuwa nitamfilisi kijana wao. Hapa ndo watu wengi tunapopotea. Ile bima ndogo kila chombo cha moto lazima kiwe nayo, na kazi yake si kutengeneza gari ya mwenyewe, ni kumlipa yule mtu mwengine alogongwa. Sisi tunaiona ya kumuonesha trafiki tu. Yule kijana kashailipia, mie nikidai inalipa kampuni, hatoi yeye mfukoni. Aliyetufahamisha vizuri ni msaidizi wa sheria wa jimboni kwetu, hawa wanaosomeshwa na Kituo cha Huduma za Sheria, ofisi yao ipo Chake. Alikwenda na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwetu, mpaka nyumbani kwa dereva wakakaa nao, na baada ya pale dereva mwenyewe akaja kunitizama, akaijaza ile fomu ya madai ya bima na kuisaini, na hata siku ya kuipeleka alinichukua yeye na magongo yangu.

Karatasi zilizotakiwa nyingi: PF3, taarifa ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, leseni zetu sote wawili, risiti zote za dawa na nauli, ripoti ya daktari yenye asilimia ya ulemavu, na nakala ya hukumu, maana dereva alifikishwa mahkamani akakiri akapigwa faini. Hiyo nakala peke yake nimeisubiri karibu miezi miwili. Alhamdulillah leseni yangu ilikuwa hai na helmeti nlivaa, kwa hiyo hawakupata pa kunibana.

Kazi ilikuwa kuthibitisha kipato. Muuza samaki hana karatasi ya mshahara. Ila mie nina daftari, kila siku naandika nimenunua kiasi gani diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na nimeuza kiasi gani, kurasa zimegandana kwa magamba na maji ya chumvi na linanuka, nililiona haya kuliweka juu ya meza ya ofisi. Yule afisa wa bima akalifungua ukurasa kwa ukurasa akapiga hesabu, sheha akaongeza barua kuwa kweli hii ndo kazi yangu.

Mara ya kwanza kampuni ya bima wakanambia watanilipa milioni moja na laki mbili. Ukitoa risiti hapo hakuna kitu, na miezi saba nimekaa kitako watoto wanakula kwa deni. Sikugomba. Nkaandika barua, kila kitu mbali mbali: matibabu, kipato kilopotea, maumivu, ulemavu, na gharama ya kuja kutolewa vyuma. Mwisho nkaandika kuwa tusipokubaliana nitapeleka malalamiko TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pia. Haikufika huko, baada ya wiki tatu wakapandisha mpaka milioni nne na laki sita.

Kabla ya kulipwa unasaini hati kuwa umemaliza, hudai tena. Isome, au mpe mtu unaemuamini akusomee. Yangu haikuwa na pesa ya kutolewa vyuma japo nilikuwa nimeiandika kwenye barua, nkairudisha, wakairekebisha ndo nkatia saini.

Kijana wa kwetu nimeshamwendea. Karatasi aloisaini baba yake tumempelekea msaidizi wa sheria aitizame, na PF3 tumeifuata jana.