Ridhaa ya Dole Gumba

Mwezi Februari, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa miongoni mwa vijana sita tuliopewa vishikwambi, fulana za mradi na posho ya siku, tukapelekwa katika vijiji vya wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, kuwauliza wakulima wa korosho juu ya huzuni, usingizi, hamu ya kula na kukata tamaa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya saikolojia muda si mrefu, na maadili ya utafiti niliyajua kwa namna mwanafunzi anavyoyajua, yaani kwa majina ya matukio na miaka yake.

Siku ya tatu niliketi barazani kwa bibi mmoja ambaye mtendaji wa kijiji alikuwa ametufikisha kwake. Nilimwamkia, nikamsomea fomu ya ridhaa kurasa zote mbili, nikamuuliza kama ana swali, akasema hana. Alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, tukaanza. Dodoso lilikuwa lile linalotumika sana duniani, PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, ambalo kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Bibi alijibu maswali 8 ya kwanza kwa kiwango cha juu kabisa: karibu kila siku. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, alilikataa kwa mkono na kusema Mungu aepushie mbali. Kishikwambi kilijumlisha alama 24, ambazo kwa mizani ya dodoso hilo ni dalili za sonona kali.

Nilipokuwa nafunga begi aliniuliza, "Mjukuu wangu, sasa hizo pesa zitaanza kutoka lini?"

Alikuwa amedhani tunaandikisha kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini. Nilimweleza tena, safari hii kwa maneno yangu mwenyewe wala si kwa kusoma, kwamba sisi ni watafiti tu na hatuna orodha ya malipo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira yoyote, "Basi hayo ya kulala, mimi nalala vizuri tu."

Jioni nilimweleza msimamizi wetu. Alijibu kwamba fomu imetiwa alama, mahojiano yamekamilika, na data haiguswi baada ya kutumwa. Alama 24 zikabaki kama zilivyo. Sitautaja mradi ule, lakini tangu siku hiyo sijaweza kukubaliana na watu wanaoyaweka maadili ya utafiti katika sura moja na mbinu za utafiti katika sura nyingine, kana kwamba mtu anaweza kukosea huku na kubaki salama kule. Bibi yule hakuwa ameridhia utafiti wetu, kwa sababu hakujua ni utafiti. Na kwa sababu hiyohiyo majibu yake hayakupima kile tulichotaka kupima. Ni kosa moja.

Ripoti ya Belmont ya Marekani ya mwaka 1979, kuhusu maadili ya utafiti, inasema ridhaa ina viungo vitatu: taarifa, uelewa na hiari. Ripoti hiyo ilizaliwa na aibu ya Tuskegee, jimboni Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao wakiwa na kaswende, walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo katika miaka ya 1940. Ukisoma habari zao utaona kwamba hawakuburutwa. Walikwenda wenyewe, wakiamini kwamba wanatibiwa. Kilichotokea barazani Newala hakifanani kwa ukubwa na unyama ule, wala sitaki kuvilinganisha, ila mlango ni uleule: mtu anaingia kwa sababu anaamini atapewa kitu ambacho mtafiti hana nia wala uwezo wa kumpa. Sisi tulitoa taarifa, tena kwa kirefu. Uelewa hatukuupima. Hiari hatukuifikiria hata kidogo.

Suala la hiari ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Hapa nchini utafiti wa afya hupitiwa na kamati ya maadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hutoa vibali vya utafiti. Kisha barua hushuka mkoani, wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Utaratibu huo ni mzuri, na natamani kila mradi ungeufuata kwa ukamilifu, maana unawalinda watu dhidi ya wageni wanaojitokeza bila kujulikana. Lakini barua inapofika mlangoni kwa mwananchi imekwisha kubeba mihuri ya ngazi zote hizo, na anayeileta ni mtu yuleyule anayekusanya michango ya madarasa na kuitisha mikutano ya hadhara. Mimi binafsi nilifika kaya 48. Hakuna hata moja iliyokataa, nasi tukaandika kwa fahari kwamba ushiriki ulikuwa asilimia 100. Leo nikiiona asilimia hiyo katika ripoti yoyote kutoka vijijini, jambo la kwanza ninalouliza ni nani alikuwa amesimama pembeni wakati mtu anaombwa ridhaa.

Baada ya Newala niliusoma upya utafiti wa utii wa mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, ulioanza mwaka 1961 na kuchapishwa mwaka 1963. Darasani tulikuwa tumeufundishwa kama mfano wa udanganyifu, kwa kuwa washiriki waliambiwa wanampiga mtu shoti ya umeme ilhali hapakuwa na umeme. Mara hii nilitazama jambo jingine. Kila mshiriki alilipwa dola 4.50 na kuambiwa tangu mwanzo kwamba fedha hiyo ni yake kwa kufika tu, lolote litakalotokea baadaye. Hapakuwa na kufuli mlangoni. Hata hivyo, kati ya wanaume 40 wa jaribio lile la kwanza, 26 waliendelea hadi volti 450, wengine wakitokwa jasho na kutetemeka, kwa sababu mtu aliyevaa koti la maabara alikuwa akiwaambia kwa sauti tulivu kwamba jaribio linawataka waendelee. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Diana Baumrind alimkosoa Milgram hadharani kwa namna alivyowatendea washiriki wake, na ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Lakini matokeo yenyewe yanatuhusu sisi tunaopita mlango kwa mlango: ikiwa mtu aliyejitokeza mwenyewe kwa tangazo la gazeti la New Haven, mji wa Yale, alishindwa kusema basi mbele ya koti la maabara, mjane wa kijijini atasemaje hapana mbele ya mtendaji, gari lenye nembo na kijana mwenye fulana ya mradi?

Kuna na suala la lugha, ambalo wengi hulichukulia kuwa la watafsiri peke yao. Katika dodoso letu mojawapo ya majibu yaliandikwa "zaidi ya nusu ya siku". Aliyeandika alikusudia zaidi ya nusu ya siku zote za wiki mbili, yaani siku nane au zaidi. Lakini kwa Kiswahili siku ni siku, iwe moja au ziwe kumi, na wahojiwa wengi walielewa kwamba tunauliza kama huzuni hudumu zaidi ya nusu ya siku moja, tangu asubuhi hadi alasiri. Mzee mmoja alinijibu kwamba yeye huwaza asubuhi tu, kabla ya kwenda shamba. Hiyo ingeweza kuwa kila asubuhi kwa mwezi mzima, nami nilikuwa sina pa kuiandika. Neno moja tu, "hizo", lingetosha kupunguza utata, na lingeonekana mapema kama tungejaribu dodoso kwa watu kumi tu wa Newala kabla ya kuanza, tukiwaomba watueleze kwa maneno yao walichokielewa. Kwa wazee wanaofikiri kwa Kimakonde kwanza, kazi hiyo ingehitaji uangalifu zaidi.

Na mbona Februari? Korosho huvunwa kuanzia karibu Oktoba, minada hufuata, na fedha huonekana mifukoni mwishoni mwa mwaka. Februari ni palizi, mvua, na ghala linaloelekea kuisha. Ukiuliza wiki mbili za Februari na ukauliza wiki mbili za Novemba, utakuwa umeuliza watu wawili tofauti katika mwili mmoja. Ratiba yetu ilipangwa na mwaka wa fedha wa mfadhili, si na mkorosho.

Sisemi utafiti wa saikolojia usije Kusini. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alionyesha kwamba katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani aliyoyachunguza, asilimia 96 ya washiriki walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Tunahitaji kuhesabiwa. Lakini mkoani Lindi tunajua maana ya kuchukuliwa kitu na kubaki kuhadithiana. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosaria, ilichimbwa Tendaguru, ikabebwa kwa vichwa vya watu hadi bandarini, na mmoja wa mijusi hiyo umesimama Berlin hadi leo, ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Majibu ya bibi yule wa Newala hayana uzito wa mifupa, na ndiyo maana yanaondoka kirahisi zaidi.

Mwaka uliofuata nilipanda Newala kwa shughuli ya kifamilia, nikapita kumsalimia. Alinikumbuka. Aliniuliza, "Kile kidole changu kiko wapi?" Alitaka karatasi ile irudishwe, kwa kuwa alikuwa amejibu yasiyo kweli na jambo hilo lilimkaa rohoni. Fomu tuliyomsomea ilisema unaweza kujitoa wakati wowote. Ukweli ni kwamba majina yalikuwa yamekwisha kutenganishwa na majibu, fomu zikiwa kabatini Dar es Salaam, na hakuna aliyeweza tena kujua alama 24 zipi ni za nani. Kilichokusudiwa kumlinda, yaani usiri, ndicho kilichomfungia mlango wa kutoka, nasi hatukumwambia kwamba mlango huo una siku ya kufungwa.

Katika kazi yangu ya mwisho, kwenye vijiji vya Mtama, mtendaji alitutambulisha kisha akaondoka. Siku ya kwanza hatukuuliza swali lolote la utafiti. Tulieleza tu, tukamwomba kila mtu atueleze yeye alichosikia, tukarudi kesho yake. Kaya saba zilikataa, nikaziandika saba. Waliokubali walipewa kadi yenye namba, na tarehe ambayo kabla yake anayebadili mawazo angeweza kutaja namba hiyo kwa simu, majibu yake yakafutwa. Watu wawili walipiga. Mmoja hakutoa sababu, nami sikumuuliza.