Mkono si mvivu, hauna habari

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (jeraha la ubongo la utotoni linaloharibu mwendo) ulioathiri upande mmoja wa mwili huambiwa kutwa nzima: "Tumia na mkono wa kushoto!" Anautumia kidogo, anageuza macho, na mkono unarudi mapajani. Nyumbani wanasema mvivu. Inauma kusikia hivyo, kwa sababu mara nyingi mkono huo hauna habari tu.

Ndani ya misuli na kano kuna vipokezi vinavyoueleza ubongo kiungo kimekunjwa kiasi gani na kinabeba uzito gani. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya chakula, tonge bado linafika mdomoni. Jeraha la ubongo linaloharibu mwendo huweza kuharibu na njia za taarifa hizi. Maelezo ya kimataifa ya mtindio wa ubongo ya mwaka 2007 yanataja wazi kasoro za hisi, lakini mazoezi mengi bado yanapambana na ukakamavu wa misuli peke yake. Mtoto anayekosa taarifa hizo hutegemea macho: akiutazama mkono unafanya kazi, akiacha kuutazama unapotea. Hata upande unaoonekana mzima huweza kuwa na upungufu.

Kuanzia miaka mitano hivi unaweza kumpima nyumbani. Mkalishe miguu ikanyage chini sawasawa, maana miguu ikining'inia nguvu zake zote zinaishia kujizuia asianguke. Funika mikono yake kwa kanga. Usimfunge macho kwa kitambaa. Wengi huogopa, na hofu inakaza misuli. Shika kidole chake cha shahada ubavuni, kulia na kushoto. Ukishika juu na chini, mgandamizo kwenye ngozi utamnong'oneza jibu. Kipeleke juu au chini polepole, kwa kuwa kuvuta kwa ghafla kunaamsha mkazo, kisha muulize kimekwenda wapi. Asiyeongea aoneshe kwa mkono mwingine au kwa macho. Rudia mara 10 bila mpangilio, mikono yote miwili. Kupata 5 ni sawa na kubahatisha, kupata 9 au 10 ni vizuri. Akipata chini ya 9, hakikisha kwanza ameelewa mchezo, halafu mpelekee mtaalamu wa tiba ya viungo namba hizo.

Zoezi la kuanzia lipo jikoni: unga wa chapati. Kanda donge la ukubwa wa chungwa, gumu kidogo kuliko la kupikia, liweke kwenye meza ya kimo cha kiwiko chake. Ngumi ikiwa imefumbwa usivute ncha za vidole. Kunja kwanza kifundo cha mkono kidogo kuelekea ndani, kisha fungua kiganja kuanzia shina la dole gumba. Kiganja kikishalala juu ya donge, asogeze bega mbele na kusukuma mpaka kiwiko kikaribie kunyooka, ahesabu hadi 5, alegeze.

Mara ya kwanza asukume akitazama. Mara ya pili mkono uwe chini ya kanga, na kabla ya kufunua aseme donge limebonyea wapi na kwa kina gani. Halafu afunue aone. Watu huiruka hatua hii ya kufunua, na kwangu ndiyo yenye somo, kwani hapo ubongo unalinganisha ulichodhani na kilichotokea. Anza na dakika 5 hadi 10 kila siku.

Kosa kubwa ni mzazi kuushika mkono wa mtoto na kuukandisha yeye. Unga unabonyea, mtoto hajifunzi, kwa sababu mwendo alioupanga mwenyewe ndio unaompa ubongo kitu cha kusahihisha. Ukilazimika kusaidia, shika kiwiko, uache kiganja. Kosa lingine ni maneno mengi. Akiwa anahisi, nyamaza.

Kwa miguu, kusimama pekupeku kwenye mchanga wa ufukweni au wa uani kunafaa, ila ujaribu joto lake kwa mkono wako na kutafuta vigae na misumari kwanza. Mguu usio na habari huenda usimwambie kwamba umekatwa. Maumivu ya nyonga yakijitokeza, acha kumsimamisha mpaka apimwe.

Rudia kipimo cha kidole baada ya wiki 6, mkao uleule, kanga ileile, na uandike namba pembeni ya zile za kwanza.